Jiwe moja, mashtaka matano: maswali yenu kuhusu mali inayoharibiwa kwenye maandamano

Tangu Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni Nairobi, maswali mnayotuletea yamekuwa ya aina mbili. Kuna wazazi ambao watoto wao wamekamatwa, na kuna wenye mali ambao maduka na magari yao yamegeuka majivu. Tunawajibu pamoja ukurasa huu, kwa kuwa kesi ni ile ile: mmoja anasimama kizimbani na mwingine anaitwa shahidi. Mengi hapa ni sheria ya Kenya. Wa Tanga na wa Leicester nao wamejibiwa mahali pao.

Mwanangu wa miaka 19 alikamatwa siku ya maandamano karibu na kituo cha polisi kilichovunjwa madirisha. Jirani mmoja ananiambia kosa hilo ni miaka mitano, mwingine anasema ni maisha. Nani mkweli? Na nifanye nini akipelekwa kortini?
*Mama wa kijana, Kayole*

Mama, pole sana. Huenda majirani wote wawili wanasema kweli. Kenya haina kosa linaloitwa "kuharibu mali kwa sababu ya siasa". Ina vifungu kadhaa, na jiwe lile lile laweza kuandikwa chini ya chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitafuta karatasi ya mashtaka. Katiba, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa undani unaomwezesha kulijibu. Angalia mstari unaoanza na neno "kinyume cha" au "chini ya": hapo ndipo pana namba ya kifungu na jina la sheria, na ndipo miaka ilipo.

Ukikuta kifungu cha 339(1) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hilo ni kosa la kuharibu mali kimakusudi na bila haki. Kikomo chake ni miaka 5. Hili ndilo shtaka la kawaida kwa kioo kilichovunjwa, gari lililopigwa mawe, lango lililong'olewa.

Ukikuta 332, wamemshtaki kwa uchomaji, na kikomo ni kifungo cha maisha. Kifungu hicho kina orodha yake: jengo au kitu chochote kilichojengwa hata kama hakijakamilika, vyombo vya majini, marundo ya mavuno au ya fueli, na migodi. Gari lililochomwa barabarani kwa kawaida huandikwa chini ya 339. Kujaribu kuchoma, bila moto kushika, ni kifungu cha 333 na kikomo cha miaka 14.

Halafu kuna vifungu vya ghasia ambavyo watu wengi hawavijui. Kundi la watu wakiwa kwenye ghasia wakabomoa jengo, au hata wakaanza tu kulibomoa, kifungu cha 85 kinampa kila mmoja wao kikomo cha maisha. Wakiliharibu bila kulibomoa, ni 86 na miaka 7. Ikiwa kuna kitu kilichochukuliwa, kutakuwa na shtaka la kuvunja na kuiba. Na ikidaiwa mtu alinyang'anywa kwa nguvu na watu zaidi ya mmoja, waendesha mashtaka wanaweza kuandika wizi wa mabavu, ambao adhabu yake kwenye kitabu ni kifo. Ukiliona hilo, usikubali kulala bila wakili.

La mwisho, na zito, ni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012. Baada ya maandamano ya Juni na Julai 2025, washukiwa wa kuchoma majengo ya serikali, yakiwemo ya mahakama ya Kikuyu, walipelekwa Mahakama ya Kahawa wakikabiliwa na tuhuma za ugaidi. Kikomo chake ni miaka 30, na maisha ikiwa kuna mtu aliyekufa. Maana ya ugaidi katika sheria hiyo inataja kitendo kinacholeta uharibifu mkubwa wa mali kwa lengo la kutisha umma au kuilazimisha serikali. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kitendo kinachovuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo si ugaidi, mradi hakikukusudiwa kuleta madhara makubwa kwa watu au mali. Wakili wa kijana wako aisome sentensi hiyo mbele ya hakimu siku ya kwanza, maana hapo ndipo mpaka kati ya mwandamanaji na gaidi ulipochorwa. Msimamo wetu ni kwamba kumshtaki kwa ugaidi kijana aliyerusha jiwe ni kuivuta sheria ikavuka pale ilipowekwa.

Sasa neno ambalo jirani wa pili hakulijua. Kifungu kikisema mtu "atastahili" kifungo cha maisha au cha miaka 5, hicho ni kikomo cha juu. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kutoa muda mfupi zaidi, na mara nyingi hata faini badala ya kifungo. Ikiwa hakimu anaona miaka 3 au pungufu inatosha, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu kumpa kazi ya jamii bila malipo badala ya jela. Afisa wa probesheni atakuja nyumbani kuuliza juu yake. Mpokee, mwambie ukweli, na uwe na barua ya chuo, ya mwajiri au ya chifu. Ripoti ile inasomwa.

Kuhusu kupelekwa kortini: polisi wana saa 24 tangu kumkamata. Saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, ni mwisho wa siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni huonekana Jumatatu, na hapo sheria haijavunjwa. Wakitaka kukaa naye zaidi, lazima waombe mahakama kwa kiapo chenye sababu, na wakili anaweza kupinga.

Dhamana ni haki chini ya ibara ya 49, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Hakimu anaweza kutaka pesa taslimu au bondi yenye mdhamini. Watu wengi hukwama kwenye bondi: mdhamini anakuja na hati ya shamba ambayo bado ina jina la babu aliyekwisha kufariki, au logibuku ya gari ambalo liliuzwa bila kubadilishwa jina. Karani atazikataa zote mbili, na kijana atarudi rumande siku nne tano mkihangaika. Hati iwe na jina la mdhamini mwenyewe, aje na kitambulisho na picha za pasipoti, na ajue kwamba hati itahakikiwa kwanza. Usimpe mtu yeyote pesa za dhamana mkononi, awe na sare au awe na tai. Pesa za dhamana hulipwa kwa njia rasmi na hutoa risiti.

Na jambo tunalokuomba umwambie mwanao kabla hajasimama: ajihadhari na neno "ni kweli". Shtaka husomwa, kijana mwenye hofu anasema "ni kweli nilikuwa pale", na inaandikwa amekiri. Kuwa pale si kosa analoshtakiwa nalo. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, utaratibu ni huu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa pamoja na kila kiungo chake, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Akikataa hata sehemu moja ya msingi, hakimu anapaswa kuandika amekana. Kijana asiye na wakili na asiye na hakika ana neno moja salama: "Nakana."

Vijana hawa hawakuwa wezi. Waliandamana kwa ajili ya haki za watu wote. Hapa Uingereza watu waliangusha sanamu Bristol na wakaachiwa huru. Kwa nini nia njema haimsaidii Mkenya?
*Msomaji, Leicester*

Ndugu, nia ya kisiasa ina mahali pake katika kesi, ila si pale wengi wanapoiweka. Kifungu cha 9(3) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa sheria iseme vingine. Hakimu anauliza: uliivunja? Ulikusudia kuivunja? Ulikuwa na haki ya kuivunja? Kama ni ndiyo, ndiyo, hapana, hatia imekamilika, hata kama ulivunja kwa uchungu wa nchi. Nia hupata nafasi wakati wa kujitetea kabla ya adhabu, na hapo inaweza kupunguza mengi: kijana asiye na rekodi, aliyesukumwa na hasira ya siku moja, si sawa na aliyelipwa kubeba petroli.

Ibara ya 37 inalinda kuandamana kwa amani na bila silaha. Jiwe likishatoka mkononi, ulinzi ule haumfuniki tena aliyelirusha. Lakini bado unamfunika aliyesimama kando yake na bango, na mawakili wa utetezi waliseme hili kwa sauti kubwa zaidi. Kifungu cha 21 kinachohusu nia ya pamoja kinahitaji ushahidi kwamba watu walikubaliana jambo lisilo halali, na kwamba uharibifu ulikuwa tokeo la kutarajiwa la jambo hilo. Kuwa ndani ya umati peke yake hakutoshi. Kesi nyingi za maandamano huanguka hapa hapa: polisi wamekamata watu 30 kwa mkupuo, shahidi anasema "walikuwa wanarusha mawe", anaulizwa nani alirusha, hana jibu.

Kuhusu Bristol: sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, iliangushwa Juni 7, 2020 na kutupwa bandarini. Watu wanne walishtakiwa, na Januari 2022 baraza la raia wa kawaida wanaoamua hatia, wanaloliita "jury", likawaachilia. Baraza kama hilo halitoi sababu za uamuzi wake. Kenya haina mfumo huo: hakimu anaamua peke yake na lazima aandike sababu, kwa hiyo mlango ule haupo. Na hata Uingereza umekuwa mwembamba. Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ilisema uangushaji ule ulikuwa wa nguvu mno kulindwa na haki ya maandamano, ingawa walioachiliwa walibaki huru.

Wewe unayeishi huko ujue pia viwango. Sheria ya Uharibifu wa Mali ya 1971 ina kikomo cha miaka 10, na maisha ikiwa ni kwa moto. Hasara ya chini ya pauni 5,000 kwa kawaida hubaki mahakama ya chini yenye adhabu ndogo, lakini tangu 2022 sanamu na kumbukumbu za umma zimeondolewa kwenye nafuu hiyo. Septemba 27, 2024 wanaharakati wawili wa Just Stop Oil, kundi lililopinga uchimbaji wa mafuta, waliomwagia supu ya nyanya mchoro wa alizeti wa Van Gogh walihukumiwa, mmoja miaka 2, mwingine miezi 20. Mchoro ulikuwa nyuma ya kioo na haukuguswa. Kilichoharibika ni fremu.

Duka langu la vipuri lilivunjwa na kuporwa siku ya maandamano. Nilipiga ripoti. Miezi imepita, na sasa jamaa za mmoja wa walioshtakiwa wanataka tuelewane nje ya korti. Nifanye nini, na fidia naipata wapi?
*Mwenye duka, Kondele, Kisumu*

Tunaanza na makosa yanayoua kesi za wenye mali, maana yanafanyika siku ya kwanza kabla hata moshi haujatua.

Kosa la kwanza ni kufagia. Mwenye duka anafika asubuhi, anaumia, anaanza kuokota vioo. Usiguse kitu kabla hujapiga picha, na upige kutoka nje kwenda ndani: barabara na jina la duka likionekana, kisha mlango, kufuli iliyokatwa, kila rafu, kisha kwa karibu kila kilichoharibiwa. Picha ya rafu tupu bila ile ya mlango haionyeshi ni duka la nani. Jiwe au chuma kilichotumika waachie polisi wachukue wenyewe na waandike.

La pili ni ripoti fupi. Kwenye kitabu cha matukio wengi huandikiwa "duka limevunjwa na watu wasiojulikana", basi. Ikiwa wewe au mlinzi mlimtambua mtu, mtajeni hapo hapo: jina, au alivyovaa, mlimwona umbali gani, kwa mwanga gani, kwa muda gani. Shahidi anayemtaja mtu kwa mara ya kwanza mahakamani, miezi minane baadaye, hutiliwa shaka, na ni haki atiliwe shaka. Ondoka na namba ya OB, yaani ya kitabu hicho cha matukio, na urudi kuchukua abstrakti ya polisi, ile hati fupi inayothibitisha ripoti yako.

La tatu ni hesabu ya kubahatisha. Tuseme shtaka linasema mali ya shilingi 840,000. Unasimama, unaulizwa umefikaje hapo, unasema "nilikadiria". Kisheria hatia ya 339 haisimami juu ya kiasi kamili cha hasara. Inasimama juu ya mambo manne: mali ilikuwepo na ni ya fulani, iliharibiwa, aliyeiharibu ni mshtakiwa, na alifanya kwa makusudi bila haki. Lakini hesabu mbovu inamfanya hakimu asikuamini na kwenye yale mengine, na fidia haiwezi kupimwa. Andaa orodha ya bidhaa moja moja, idadi na bei uliyonunulia, risiti za jumla, taarifa za M-Pesa za malipo kwa wauzaji. Kwa mlango na dari, andikiwa makadirio na fundi anayeweza kuja kutoa ushahidi, na atie sahihi. Leseni ya biashara na mkataba wa kodi ya chumba ndivyo vinavyoonyesha duka ni lako. Mlango na ukuta ni vya mwenye nyumba: naye aandikishe taarifa yake.

La nne ni video. Kamera imeonyesha kila kitu, mtoto wa jirani akaikata vipande, akaweka muziki, akaisambaza. Hifadhi rekodi nzima ilivyo, na usiruhusu mashine ijifute: kamera nyingi za dukani huandika juu ya rekodi ya zamani baada ya wiki kadhaa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa mtu anayesimamia kifaa hicho, kikieleza kilivyofanya kazi na rekodi ilivyotolewa. Tumeona video safi zikitupwa nje kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Sasa kuelewana. Si dhambi, na kwa kosa la 339 mahakama huweza kukubali. Ila ujue unatia sahihi kitu gani. Chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, mlalamikaji akiomba kuondoa malalamiko na hakimu akaridhika, mshtakiwa anaachiliwa kabisa, kesi imekufa. Chini ya 87(a) ni mwendesha mashtaka anayeondoa, na ikiwa mshtakiwa bado hajaitwa kujitetea, anaweza kukamatwa tena kwa jambo lile lile. Kwa hiyo wewe mwenye duka usiombe 204 kabla pesa hazijaingia zote. Na ninyi jamaa za kijana mkisoma hapa, msilipe mkidhani yamekwisha kumbe faili imefungwa kwa 87(a). Makubaliano yaandikwe, kiasi na tarehe vitajwe, na yasomwe mbele ya hakimu. Kuchukua pesa kisha kujificha usiitwe shahidi ni njia mbaya: hakimu anaweza kutoa hati ukamatwe uletwe. Kwa uchomaji wa kifungu cha 332 usitarajie kuelewana kwa namna hii, hilo ni kosa kubwa na Jamhuri haiachi kirahisi.

Fidia unaweza kuipata kwa njia tatu, na hakuna iliyo rahisi. Kwanza, hakimu akimtia mtu hatiani anaweza kuamuru akulipe, chini ya kifungu cha 175 cha kanuni hiyo hiyo. Mwambie mwendesha mashtaka aliombe kabla ya adhabu kutolewa, maana lisipoombwa mara nyingi husahaulika. Udhaifu wake unaonekana: kijana asiye na kazi hana cha kulipa. Pili, kesi ya madai, ambayo muda wake ni miaka 3 tangu hasara. Ukidai serikali, kwa mfano polisi waliitwa wakakataa kuja, muda ni miezi 12 tu, na wengi huupoteza wakisubiri kesi ya jinai iishe. Usisubiri. Tatu ni bima, na hapa tunasema kwa uchungu: bima ya kawaida ya moto au ya gari mara nyingi haigusi hasara ya ghasia. Inatakiwa nyongeza ya ghasia za kisiasa na ugaidi, ile mawakala wanayoiita PVT. Fungua mkataba wako leo usome ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Kama una nyongeza hiyo, toa taarifa kwa kampuni mara moja, maana mkataba huweka muda mfupi, na usianze ukarabati kabla mtathmini hajafika.

Mtoto wangu wa miaka 15 yuko seli na watu wazima. Wameandika ana miaka 18.
*Baba, Kitengela*

Peleka cheti cha kuzaliwa kituoni sasa hivi, nakala mbili, moja ubaki nayo. Kama huna, kadi ya kliniki au barua ya shule isaidie, na mahakamani omba hakimu aamuru apimwe umri hospitalini. Umri ukibadilika, kila kitu kinabadilika: ibara ya 53 inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Kesi yake huenda Mahakama ya Watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kijinai, na wa chini ya 14 huchukuliwa hajui jema na baya mpaka mahakama ione vingine. Wa kwako amevuka hapo, lakini bado hawezi kuhukumiwa kifungo cha jela. Uliza kuhusu kuondolewa kwenye mkondo wa kesi: kwa kosa lisilo kubwa, mtoto anaweza kukiri, kuomba radhi, kurekebisha alichoharibu na kuwekwa chini ya uangalizi, bila kesi.

Kuchana mabango ya mgombea ni kosa la jinai kweli, au ni maneno ya wanasiasa?
*Msomaji, Likoni*

Ni kosa. Bango ni mali, lina gharama ya kuchapwa, na 339 haijali ukubwa. Juu ya hilo, maadili ya uchaguzi yaliyo kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya Uchaguzi ya 2011 yanawafunga vyama na wagombea wasiharibu vifaa vya kampeni vya wapinzani, na tume ya uchaguzi, IEBC, inaweza kutoa onyo, faini au kuzuia mikutano. Kwa hiyo mgombea anayewatuma vijana usiku na ngazi anajiweka mwenyewe hatarini. Vijana wa Pwani, uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na shilingi mia tano za usiku mmoja hazilingani na rekodi ya jinai utakayoikuta unapoomba cheti cha polisi kwenda kazini Ghuba. Ikiwa bango limebandikwa kwenye ukuta wako bila ruhusa yako, lipige picha, umpe taarifa aliyelibandika aje aling'oe, uepuke ugomvi.

Huku kwetu Tanzania adhabu ni hizo hizo?
*Msomaji, Tanga*

Zimetoka kwenye shina moja la sheria za wakoloni, lakini matawi yametofautiana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatoa hadi miaka 7 kwa kuharibu mali, si 5. Kuchoma jengo ni hadi maisha, na kujaribu kuchoma ni 14, kama Kenya. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, ya mwaka 2018, kwa hiyo aliyekamatwa Unguja asome hiyo.

Tofauti kubwa imeonekana kwenye shtaka linalochaguliwa. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, mamia ya watu walisomewa shtaka la uhaini, ambalo halina dhamana na adhabu yake ni kifo. Novemba 14 Rais alizungumza bungeni akitaka waliofuata mkumbo waangaliwe kwa huruma, na wengi wakaachiwa baadaye mwezi huo. Kwa waliotoka kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa shauri, tunawaambia kama tulivyomwambia mwenye duka wa Kondele: kuondolewa shauri si kuachiwa kwa kutokuwa na hatia, na mtu anaweza kushtakiwa tena. Ombeni nakala ya amri ya mahakama, muihifadhi nyumbani pamoja na hati za ndugu mwenyewe. Wakija tena, wakili ataanza na karatasi hiyo.

Kaka yangu alipigwa faini ya shilingi 60,000 au mwaka mmoja. Hatuna zote. Na je, pesa za dhamana tulizoweka zinarudi?
*Dada, Nakuru*

Faini inaweza kulipwa hata baada ya yeye kuingia gerezani, na siku alizokwisha kutumikia hupunguza kiasi kinachobaki. Nendeni kwa karani wa mahakama awapigie hesabu. Rufaa ina siku 14 tangu hukumu. Zikipita, mtahitaji kuomba ruhusa na kueleza sababu ya kuchelewa.

Dhamana hurudi kesi ikiisha, awe ametiwa hatiani au ameachiliwa, mradi alihudhuria kila tarehe. Hurudishwa kwa yule ambaye jina lake liko kwenye risiti, kwa hiyo kama ni jirani aliyelipa, ni jirani atakayekwenda. Abebe risiti halisi, kitambulisho, namba ya kesi na maelezo ya akaunti yake ya benki. Mnaweza pia kumwomba hakimu pesa hizo zikatwe kulipa faini, ikiwa aliyeziweka amekubali. Liombeni siku ile ile ya hukumu, kabla faili haijaondoka mezani.